Pikipiki Haiwaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Pikipiki inapokataa kuwaka saa kumi na moja alfajiri, dereva wa bodaboda hupoteza abiria wa asubuhi, ambao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya hesabu ya siku. Kwa sababu ya haraka hiyo, wengi hununua kifaa kabla ya kuujua ugonjwa. Nimepokea gerejini pikipiki zilizokwisha kubadilishiwa CDI (kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche), koili (inayoukuza umeme wa plagi) na kabureta (inayochanganya petroli na hewa) kwa mpigo, na kasoro ikawa ni waya mmoja uliochunika chini ya tenki. Fedha iliyokwenda kwenye vifaa hivyo ilikuwa ya ada na ya chakula, na hilo ndilo lililonifanya niandike majibu haya.

Yanahusu hasa pikipiki ndogo za silinda moja, kuanzia cc 100 hadi 150: Boxer, TVS HLX, na zile nyingi za Kichina ambazo injini yake imefuata mfano wa Honda CG125 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Nilijifunzia kazi hii Tanga, kwenye chumvi na joto, na sasa naifanyia Njombe, kwenye baridi. Kwa hiyo mifano yangu inatoka huko kote.

Nianze na nini kabla sijashika spana?

Anza na vitu vinavyoonekana kuwa vidogo mno kuulizwa. Ufunguo uko mahali pake na taa ya nyutro inawaka? Swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani, kama pikipiki yako inayo, iko upande wa kuwasha? Mtoto aliyekuwa akichezea pikipiki jioni anaweza kuwa ameibonyeza. Koki ya mafuta imefunguliwa? Tingisha pikipiki usikie kama petroli inacheza ndani ya tenki, maana geji hudanganya. Kisha iweke nyutro, vuta klachi, na pandisha stendi ya pembeni, kwa sababu baadhi ya pikipiki zina swichi kwenye stendi au kwenye klachi ambayo hukata umeme wa stata, na nyingine hukata hata moto wa plagi, yaani cheche.

Baada ya hapo jiulize swali ambalo kwangu lina thamani kuliko kipimo chochote: mara ya mwisho ilipokuwa ikifanya kazi, kulitokea nini? Pikipiki iliyozima ghafla barabarani kama taa iliyozimwa, mara nyingi imepoteza umeme. Iliyozima polepole huku ikimisi na kuishiwa nguvu, mara nyingi imekosa mafuta. Iliyolala vizuri na kuamka imekataa ina habari ya betri, baridi au unyevu. Iliyokataa mara tu baada ya kutoka kwa fundi, rudi kwenye kile kile alichokigusa.

Injini inahitaji nini hasa ili iwake?

Inahitaji mambo matatu: mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kiasi kinachofaa, cheche yenye nguvu kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda, ambao mafundi wengi tunauita kompresheni. Kazi yote ya kutafuta ugonjwa ni kujua ni lipi kati ya hayo halipo, na kifaa kinachokuonyesha njia ni plagi, ile inayotoa cheche ndani ya silinda.

Nikibonyeza stata haizunguki, au inalia "tik, tik" tu. Shida ni nini?

Hapa tatizo bado halijafika kwenye petroli wala plagi; ni nguvu ya kuzungusha injini ndiyo haipo. Mlio wa "tik" unatoka kwenye relei ya stata, na maana yake ni kwamba amri imefika lakini betri haina umeme wa kutosha, au vichwa vya betri vimelegea au vimeota ule ukungu mweupe wa kijani. Kabla ya kuilaumu betri, fungua vichwa vyake, visugue kwa msasa mpaka ving'ae, na uvikaze. Angalia pia waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, mahali unapofungwa kwenye fremu au injini. Tanga nilikuta waya wa namna hiyo ambao kwa nje ulikuwa mzima, lakini nilipoupinda ukavunjika kama kijiti kikavu, kwa kuwa chumvi ilikuwa imeula shaba yote chini ya plastiki.

Mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei ndogo, itakueleza mengine. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.0 au chini yake, hiyo haina umeme wa maana. Sasa bonyeza stata huku ukiitazama mita: ikishuka chini ya volti 9.6 au hapo karibu, betri imechoka ingawa ilisoma vizuri ikiwa imetulia. Injini ikishawaka, vuta mafuta kidogo (yaani zungusha kishikio cha mafuta) na upime tena. Usomaji wa 13.5 hadi 14.5 unaonyesha kwamba chaji inaingia. Ukibaki 12 na kitu, betri mpya utakayonunua nayo itakufa ndani ya siku chache, kwa sababu ugonjwa uko kwenye mfumo wa kuchaji.

Ikiwa hakuna mlio wowote na taa zote zimezimika, tafuta fyuzi kuu karibu na betri. Usiizibe kwa karatasi ya sigara wala kwa kipande cha waya, maana fyuzi iliyoungua imekuonya juu ya waya uliogusana mahali fulani, na waya huo ukiendelea kupata umeme unaweza kuunguza pikipiki nzima.

Injini inazunguka vizuri, kwa stata au kwa kiki, lakini haiwaki. Nifanye nini?

Piga kiki kama mara kumi, kisha fungua plagi mara moja na uitazame kwenye mwanga. Spana ya plagi kwa pikipiki hizi huwa ya 18 au ya 16. Safisha kwanza mchanga uliozunguka plagi kwa brashi au kwa kupuliza, kwa sababu punje ikidondokea ndani ya silinda itakwaruza ukuta wake.

Plagi iliyolowa na kunuka petroli inasema kwamba mafuta yanafika, na mara nyingi ni cheche iliyokosekana, au mafuta yamezidi. Plagi iliyo kavu kabisa, isiyo hata na harufu, inasema mafuta hayafiki. Ikiwa imefunikwa masizi meusi makavu, mchanganyiko una petroli nyingi au kichujio cha hewa kimeziba. Ikiwa na utelezi mweusi wa oili, ringi au sili za valvu zimechoka na oili inapanda. Rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, ni ya injini yenye afya. Ukiiona hiyo kwenye pikipiki iliyokuwa nzima jana, kasoro ni ya leo na si ya muda mrefu.

Nawaomba madereva wasiifute plagi kwa shati kabla ya kumwonyesha fundi, kwa sababu pamoja na uchafu wanafuta na ushahidi.

Nipimeje moto wa plagi bila kujidhuru?

Ichomeke plagi kwenye kofia yake, laza chuma chake kikigusa vizuri sehemu tupu ya injini, mbali na tundu ilikotoka, kisha washa ufunguo na piga kiki. Umbali huo ni wa lazima: kiki inapopigwa, tundu la plagi hutema mvuke wa petroli, na cheche ikiwa jirani mvuke huo huwaka moto. Usiishike plagi wala kofia yake kwa mkono, kwani umeme wake ni wa maelfu ya volti. Fanya kazi hii kivulini, kwa kuwa cheche haionekani vizuri juani.

Cheche nzuri ni ya bluu, nene, na inalia "ta" kila inaporuka. Cheche nyembamba ya rangi ya machungwa inaweza kuruka hewani na bado ikashindwa ndani ya silinda, ambako mgandamizo huifanya kazi yake kuwa ngumu zaidi. Kwa sababu hiyo, jibu la "moto upo" halitoshi. Mtu aseme moto wa namna gani. Nafasi kati ya ncha za plagi kwa pikipiki nyingi hizi ni milimita 0.6 hadi 0.8, na kitabu cha pikipiki yako kitasema kamili. Plagi zenyewe nyingi sokoni ni bandia, na nimewahi kufungua mpya tatu kutoka paketi moja, mbili hazikutoa cheche. Plagi mpya nayo ipimwe.

Wakati wa kurudisha, anza kuikaza kwa vidole mpaka ikae, ndipo utumie spana, nusu mzunguko kwa plagi mpya. Kichwa cha silinda ni cha alumini, na uzi wake ukishaharibika gharama yake inazidi plagi nyingi mno.

Plagi mpya nayo haina moto. Nifuate njia gani?

Fuata umeme kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kofia ya plagi ni ya kwanza: inazungushwa tu kwenye waya, basi izungushe itoke, kata ncha ya waya kama milimita tano, jaribu cheche moja kwa moja kutoka kwenye ncha hiyo kuelekea injini, ukiushika waya kwa koleo lenye mpira. Moto ukitokea hapo, kofia ndiyo mbovu. Usipotokea, endelea kwenye koili na nyaya zake ndogo, halafu CDI, halafu pikapu (kihisi kinachoiambia CDI wakati wa cheche) na koili za magneto (inayozalisha umeme injini ikizunguka).

Kabla ya kununua chochote kati ya hivyo, fanya jaribio moja ambalo halina gharama. Katika pikipiki nyingi zenye umeme wa mtindo wa Honda, ambazo CDI yake inalishwa na magneto, kuna waya mweusi wenye mstari mweupe unaotoka kwenye CDI kwenda kwenye swichi ya ufunguo. Kazi ya waya huo ni kuzima: ukigusa ethi, cheche inakufa. Uchomoe kwenye CDI, kisha pima moto. Ukirudi, CDI yako ni nzima na koili ni nzima. Mbovu ni swichi, au waya huo umechunika na kugusa fremu. Kumbuka tu kwamba ukiwa umechomolewa, ufunguo hautaizima injini. Itabidi uingize gia ya juu, ushike breki na kuachia klachi taratibu ili izime, na uurudishe waya mahali pake ukimaliza.

Moja ya zile pikipiki nilizozitaja mwanzoni, zilizobadilishiwa kila kitu, ilikuwa na ugonjwa huu. Mwenyewe alisema huwaka siku nyingine na kukataa siku nyingine, na hakuona utaratibu wowote. Nikiwa nimechuchumaa pembeni nikitazama cheche, kijana wangu alikuwa akipiga kiki, na usukani ukageuka kushoto kwa uzito wake. Cheche ikapotea. Tuliponyoosha usukani ikarudi. Tulitoa tenki, tukafuata nyaya mpaka shingoni mwa fremu, mahali ambapo hupinda kila usukani unapogeuzwa, na hapo palikuwa na waya mweusi wenye mstari mweupe, plastiki yake imelika upana wa punje ya mchele na shaba inang'aa. Tuliufunga kwa utepe, tukaufunga mbali na chuma, kazi ikaisha. Pikipiki hiyo ilikuwa imelala siku tisa.

Kuna pia pikipiki ambazo CDI yake inategemea betri. Hizo, betri ikifa kabisa, hata kiki haisaidii, na wengi hudhani CDI imeungua. Jua yako ni ya aina gani kabla haijakukwamisha.

Moto ni mzuri lakini plagi ni kavu. Mafuta yanakwama wapi?

Chini ya kabureta, kwenye bakuli lake, kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Weka chupa safi ya kioo chini yake, fungua koki ya mafuta, legeza skrubu. Petroli ikimiminika mfululizo kwa nusu dakika, njia ya kutoka tenki ni safi na kizuizi kiko ndani ya kabureta, hasa kwenye jeti, yaani kitundu chembamba kinachopitisha petroli. Ikitoka kidogo kisha ikakatika, rudi juu: filta, mpira wa mafuta uliopinda, wavu wa koki, au kifuniko cha tenki.

Kifuniko hicho kinastahili maneno ya ziada. Kina tundu dogo la kuingiza hewa ili petroli inaposhuka hewa ichukue nafasi yake. Tundu likizibwa na tope, petroli inagoma kushuka kama maji kwenye chupa uliyoiziba mdomo kwa kidole. Pikipiki inatembea vizuri dakika kadhaa, inazima, inapumzika, inawaka, inazima tena. Fungua kifuniko papo hapo. Ukisikia "fsss" na pikipiki ikawaka, umeupata ugonjwa.

Jeti iliyoziba isichokonolewe kwa waya wa chuma. Tundu lake limepimwa kwa usahihi mkubwa, na ukilipanua kidogo tu, pikipiki itakunywa mafuta siku zote za maisha yake. Tumia hewa ya kompresa, kisafisha kabureta, au unywele mmoja wa brashi laini.

Plagi imelowa chapachapa. Je, nimeizidishia mafuta?

Inawezekana, hasa ikiwa ulivuta choki na kuendelea kupiga kiki muda mrefu. Funga koki, rudisha choki, toa plagi, piga kiki mara kadhaa ikiwa wazi, ufunguo ukiwa umezimwa, ili petroli iliyojaa itoke. Kausha plagi na uirudishe, kisha vuta mafuta mpaka mwisho na ujaribu. Ikiwaka na isilowe tena, ilikuwa ni kuzidisha tu. Ikilowa kila siku, au kabureta inavuja mafuta kupitia mpira wake wa chini, boya limekwama au sindano yake imelika. Angalia na oili kwa kijiti chake: ikiwa imepanda kuliko kipimo na inanuka petroli, mafuta yameingia kwenye injini, na lazima oili imwagwe kabla ya kuwasha.

Nitajuaje kwamba petroli yenyewe ni mbovu?

Ile chupa ya kioo uliyomwagia bakuli la kabureta iache itulie dakika kumi, kisha iinamishe kuelekea mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini, na ukiizungusha chupa utayaona yakitembea sakafuni kama ushanga, hayachanganyiki. Maji hayo huingia kwa mvua kupitia kifuniko kilichochoka, au hutoka kwenye madumu na chupa za wauzaji wa kando ya barabara.

Kuhusu kuchanganywa na mafuta ya taa, EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuukamata uchakachuaji huo, lakini petroli iliyokwisha toka kituoni na kuingia kwenye chupa ya maji haina tena mlinzi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe safi na uliache mahali penye hewa, mbali na moto. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha kitu. Ikibaki doa la mafuta kwenye karatasi, nina mashaka nayo. Injini yenye mafuta ya taa ni ngumu kuwaka ikiwa baridi, hutoa moshi, na hugonga ikipanda mlima.

Usichungulie ndani ya tenki kwa kibiriti wala kiberiti cha gesi, hata mara moja. Nalisema hili kwa sababu nimeona mikono iliyoungua. Tumia tochi.

Imekataa baada ya kuoshwa au kunyeshewa. Nisubiri tu?

Kusubiri juani kunasaidia, lakini kuna la kufanya. Toa kofia ya plagi uikaushe ndani kwa kitambaa, kausha shimo la plagi, viungio vya nyaya na swichi ya ufunguo, na umwage bakuli la kabureta. Wanaoosha kwa mashine ya presha wapitishe maji mbali na kabureta, kichujio cha hewa na usukani. Ikiwa pikipiki ilizama mtoni mpaka maji yakapita kichujio, usipige kiki wala stata kabla ya kutoa plagi: maji hayagandamizwi, na pistoni ikikutana nayo, kinachopinda ni mkono wa pistoni.

Huku nyanda za juu haiwaki asubuhi, lakini mchana ni nzima. Ni ugonjwa?

Si lazima. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai petroli haigeuki mvuke kwa urahisi. Vuta choki yote, usivute mafuta, piga kiki mbili tatu ufunguo ukiwa umezimwa, kisha washa. Ikishika, rudisha choki kidogo kidogo kadiri inavyopata joto. Wengi wanaonilalamikia wanavuta mafuta kwa nguvu, wakauharibu mchanganyiko wenyewe. Lakini ikiwa mwaka jana iliwaka kwa baridi ileile na mwaka huu haiwaki, tazama betri, plagi na tapeti (vile vinavyosukuma valvu, ambavyo nafasi yake hurekebishwa).

Inawaka ikiwa baridi, ila ikishapata joto na kuzima haiwaki mpaka ipoe. Kwa nini?

Hili ndilo swali ambalo watu huhangaika nalo miezi, kwa sababu wakifika gerejini pikipiki imekwisha poa na fundi hakuti kitu. Ipime palepale ilipozimia. Beba spana ya plagi chini ya siti, na ikizima toa plagi uangalie moto hapohapo. Ikiwa cheche haipo injini ikiwa na joto, na ipo injini ikiwa baridi, koili, pikapu au CDI inakatika ndani kwa joto. Ikiwa moto upo na mafuta yapo, shuku tapeti zilizobana. Valvu hurefuka kwa joto, na kama nafasi yake imekwisha, valvu ya ekzosi haifungi vizuri na mgandamizo unapotea. Nafasi hiyo hupimwa kwa fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo; kwa nyingi za pikipiki hizi ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, lakini fuata kitabu chako. Tapeti zinazolia kidogo huwaudhi wenye pikipiki, wakaomba zibanwe mpaka zinyamaze. Huo ukimya huunguza valvu.

Nitajuaje kwamba kompresheni imekwisha?

Kiki yenyewe itakwambia mguuni. Injini nzima hukataa kidogo kabla ya kupita. Iliyochoka hushuka laini kama hakuna kitu ndani. Kwa kipimo cha geji, piga kiki mafuta yakiwa yamevutwa mpaka mwisho. Injini nyingi za ukubwa huu zikisoma chini ya paundi 100 kwa inchi ya mraba (psi) huwa ngumu kuwaka. Kisha mimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Ikipanda sana, ringi na silinda zimelika. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya kichwa. Rekebisha tapeti kwanza kabla ya kukubali kufunguliwa injini, kwa kuwa tapeti iliyobana hutoa usomaji uleule wa injini mbovu.

Je, kuisukuma ili iwake kunaharibu?

Kwa pikipiki ya kabureta ambayo betri yake imeisha, sukuma ukiwa kwenye gia ya pili, achia klachi upesi ikishapata mwendo, na haitadhurika. Ila ikiwa haina moto wala mafuta, kuisukuma kilomita nzima ni kuchosha watu bure. Na kiki inayorudi kwa nguvu na kupiga mguu si jambo la kuvumilia; cheche inakuja mapema kuliko wakati wake, na inaweza kuvunja kifundo cha mguu.

Pikipiki yangu haina kabureta, ina injeksheni. Nifuate haya haya?

Mengi, lakini anza na sikio. Ukiwasha ufunguo, pampu iliyo ndani ya tenki hulia "mmm" kwa sekunde mbili hivi kisha hunyamaza. Ukimya unakupeleka kwenye fyuzi, relei, waya au pampu. Taa ya injini ikibaki inawaka au inapepesa, hesabu mpepeso wake na uuandike, maana ni namba ya kasoro. Pikipiki hizi zinahitaji betri yenye nguvu, na ikiwa imekufa kabisa, kusukuma hakutasaidia.

Imekaa miezi minne bila kuwashwa. Nianzeje?

Mwaga petroli yote ya zamani, ya tenki na ya kabureta; sehemu yake nyepesi imekwisha kuruka na iliyobaki huacha gundi kwenye jeti. Chaji betri, badilisha au safisha plagi, dondosha oili kidogo kwenye silinda na uzungushe kwa kiki taratibu ufunguo ukiwa umezimwa. Fungua kichujio cha hewa utazame panya hajakifanya kitanda. Kisha mulika ndani ya ekzosi. Mwaka mmoja baada ya msimu wa mahindi tuliletewa pikipiki yenye moto mzuri, mafuta safi na kompresheni ya kutosha, nayo ilishika sekunde moja na kufa, kila mara vilevile. Mdomoni mwa ekzosi kulikuwa na kiota cha nyigu, udongo mkavu uliojengwa kwa ustadi, umeziba duara lote. Kijiti kimoja kilitosha kuuvunja, na injini ikapumua.

Nikishindwa, nimwambie nini fundi?

Mweleze ulichokiona, na usimtajie dawa. Ukisema "nibadilishie CDI", wapo watakaoibadilisha. Sema: "Ilizima ghafla nikipanda mlima, plagi imelowa, moto ni mwembamba wa rangi ya machungwa, betri inasoma 12.5." Kwa maneno hayo umeshamfanyia nusu ya kazi, na itakuwa vigumu kwake kubahatisha. Muulize atathibitishaje kwamba kifaa anachotaka kununua ndicho kibovu. Kwa koili au CDI, njia rahisi ni kuazima kutoka kwenye pikipiki ya aina ileile inayowaka na kujaribu kabla ya kulipia. Kifaa cha zamani kikitolewa, ondoka nacho. Mara mbili tatu wateja wangu wamerudi na koili "mbovu" waliyoitunza nyumbani, tukaipima, tukaikuta nzima, na bado inatembea mpaka leo kwenye pikipiki nyingine.